Kuchagula mawe mbele ya kupika: historia ya mashini zenye kukagua paketi

Mwaka wa 2011, espasi moja iliharibu maordinateri ya watu.

Programu yenyewe ilikuwa inaitwa Bumblebee. Ilisaidia watu wenye laptopu zenye karte mbili za picha kuzitumia vizuri ku Linux. Mu skripti yake ya kuweka programu ku mashini, kulikuwa amri ya kufuta dosie moja ndogo ya zamani: /usr/lib/nvidia-current/xorg/xorg. Lakini nyuma ya /usr, kidole kiligusa espasi. Ku macho ya mutu, ni kitu ya bure. Ku macho ya mashini, njia moja ikawa mbili: futa /usr yote, kisha futa ile ingine. Na /usr njo dosie yenye kubeba karibu programu zote za mfumo. Wenye waliendesha ile skripti na mamlaka yote ya mashini waliona mfumo wao unakufa pale pale.

Mwenye aliandika ile amri hakuwa mutu mwenye hajui kazi. Programu yake ilikuwa na faida, njo maana watu waliitafuta. Kosa lilikuwa mu namna ya kuifunga na kuifikisha kwa watu. Wapendwa wasomaji, njo hiyo historia tunataka kufuata leo: namna watu walijifunza kuachia mashini kazi ya kukagua paketi mbele ya kuituma, na kitu gani ile mashini haiwezi kuona.

PAKETI NI NINI?

Kode peke yake haitoshi. Waza mufanyabiashara mwenye anatuma muzigo na bwato toka Bukavu mpaka Goma. Bidhaa inaweza kuwa ya kwanza kabisa. Lakini kama jina la mupokeaji halipo juu, kama liste haifanane na vitu vyenye viko ndani, ao kama ametuma redio bila kusema inaomba mabatri, ule muzigo utaleta matata ku bandari.

Paketi ya programu iko sawa vile. Ndani kuko kode. Juu yake kuko jina, namba ya toleo, jina la mwenye kuichunga, leseni, liste ya programu zingine zenye inahitaji, na skripti zenye kuendeshwa wakati wa kuiweka ao wakati wa kuitoa. Kila kimoja cha vile vitu kinaweza kukosewa. Na ubaya wake ni hii: ku mashini ya mwenye aliandika programu, yote inatembea bila shida, kwa sababu kwake kila kitu kilishakuwa mahali pake. Kosa linaonekana tu siku paketi inafika ku mashini ya mutu mwingine.

NYUZI KU NGUO

Jina la kwanza mu historia hii ni lint. Kwa Kiingereza, zile ni nyuzi ndogo ndogo zenye kushika ku nguo. Mu miaka ya 1970, ku Bell Labs, mu jimbo la New Jersey, Marekani, Stephen C. Johnson aliandika programu na kuipa lile jina. Ilikuwa inasoma kode ya lugha ya C, na kuonyesha mutu nyuzi zenye zimemushika bila yeye kujua.

Juu ya nini ilihitajika? Kompilateri, yenye kugeuza kode kuwa lugha ya mashini, ilikuwa na haraka. Kazi yake ilikuwa kugeuza, si kuuliza mutu maswali. Lint ilikuja na utulivu. Ilisema: hapa umetangaza jina, lakini hauitumie popote. Hapa fonksio inangojea vitu vitatu, wewe umeipa viwili. Kode ingeweza kutembea na mambo kama hayo, kama vile mutu anaweza kutembea na nyuzi ku koti. Lakini siku moja, ku mashini ya aina ingine, ingeanguka.

Mwaka wa 1979 lint ilitoka ku Bell Labs pamoja na Toleo la 7 la Unix, na jina lake likawa jina la ukoo muzima. Leo karibu kila lugha ya programu iko na lint yake. Wazo lenye lilibakia ni la kutenganisha kazi mbili: mwenye kujenga ajenge, na mukaguzi apite nyuma yake, pole pole, bila kuchoka.

Lakini lint ilikuwa inaangalia kode. Paketi ilikuwa bado haina mukaguzi wake.

MUTOTO WA UNIVERSITÉ NA KITABU CHA SHERIA

Agosti 1993, Ian Murdock alikuwa mwanafunzi ku Purdue University, mu jimbo la Indiana. Linux ilikuwa bado changa. Ilikuwa inafika kwa watu mu mikusanyo yenye makosa mengi, na hakukuwa mutu wa kuyasimamia. Murdock alianzisha mukusanyo wake na kuuita Debian, jina lenye alitoa ku jina la muchumba wake Debra na jina lake mwenyewe. Alitaka mukusanyo wenye kujengwa na watu wengi, mu uwazi, kwa uangalifu.

Lakini kazi ya watu wengi inaleta hatari yake. Mu Desemba 1995, kampuni ya InfoMagic, yenye ilikuwa inauza maCD, iliweka ku CD toleo lenye Debian walikuwa bado wanatengeneza, ikaliita Debian 1.0. Halikuwa tayari kabisa. Kode haikuwa imeandikwa vibaya kushinda siku zingine. Etiketi juu ya muzigo njo ilikuwa inasema uongo. Watu wa Debian waliamua kuruka ile namba, ili mutu asichanganye. Toleo lao la kweli, la Juni 1996, likaitwa 1.1. Muko mu historia ya Debian, mutatafuta 1.0 na hamutaipata.

Lile toleo la 1.1 lilikuwa na paketi 474. Ku paketi 474, wakubwa wanaweza bado kuangalia na macho. Lakini Julai 1998, Debian 2.0 ilitoka na paketi kupita 1500, zenye kuchungwa na watu kupita 400, kila mutu ku nyumba yake, ku inchi yake. Kitabu cha sheria kilikuwepo. Kilisema faili ya aina gani inawekwa mu dosie gani, leseni inaandikwa wapi, ruhusa za faili zinakuwa namna gani. Sasa tuulizane ukweli: nani anaweza kukumbuka kila musitari wa kitabu saa sita ya usiku, nyuma ya siku nzima ya kazi?

Njo mu ule mwaka wa 1998 Christian Schwarz na Richard Braakman walitoa Lintian, programu yenye kuandikwa mu lugha ya Perl. Jina linaonyesha wazi mama yake ni nani. Schwarz alikuwa pia mumoja wa waandishi wa kile kitabu cha sheria. Na kitu chenye walifanya ni chepesi kusema: walichukua sheria, moja moja, wakazigeuza kuwa maswali yenye mashini inaweza kujibu ndiyo ao hapana. Faili ya leseni iko? Paketi imeweka kitu mu /usr/local, mahali penye ni pa mwenye mashini peke yake? Skripti iko na ruhusa ya kuendeshwa? Jina la mwenye kuchunga limeandikwa? Hata tahajia mu maelezo ya paketi, Lintian inaiangalia.

Majibu inayatoa kwa vipimo. E ni kosa. W ni onyo. I ni habari. P ni ya wenye kupenda kila kitu kikae sawa kabisa, na hiyo haionyeshwe kama haukuiomba. Na ukitaka, inakuelezea kila onyo: sheria ni gani, inatoka wapi, na utatengeneza namna gani. Kumbe ule mukaguzi ni mwalimu pia.

DIREKTERI WA TFC

Wenye walishaandika TFC wanajua hii mambo. Umekesha miezi juu ya wazo lako. Unapelekea direkteri. Anakurudishia kazi ku ukurasa wa tatu: namba za kurasa ziko mubaya, bibliografia haifuate mupango, jedwali la 2 limekuja mbele ya jedwali la 1. Wazo lako hajaligusa hata. Inauma. Na yeye pia inamuuma, kwa sababu amepoteza saa yake ya kusoma juu ya mambo yenye mutoto wa sekondari angeweza kuona.

Hata ku Debian ilikuwa vile. Mugeni hana ruhusa ya kupandisha paketi peke yake. Anapashwa kupata mukubwa wa kumudhamini, mwenye anaangalia kazi yake na kuipandisha mu jina lake. Mbele ya Lintian, yule mukubwa alikuwa anapashwa kutafuta nyuzi zote na macho. Nyuma ya Lintian, mugeni anaendesha ukaguzi nyumbani kwake, bila kuomba mutu, bila kulipa, na bila intaneti kama programu ilishawekwa ku mashini. Anaona makosa yake mu siri, anayatengeneza, kisha anaenda kwa mukubwa na kazi safi. Mukubwa naye anabakia na nafasi ya kuuliza swali la kweli: hii programu ina maana?

Mambo yenye wakubwa peke yao walikuwa nayo mu kichwa yaligeuka kitu chenye mutoto wa jana anaweza kushusha na kutumia. Kwa sisi wenye tuko mbali na maofisi ya Ulaya na Marekani, bila mukubwa wa kukaa naye ku meza moja, hiyo si kitu kidogo.

TOKA MUSHAURI MPAKA MULINZI WA MULANGO

Kwa miaka 11, Lintian ilikuwa mushauri tu. Unaweza kumusikia, unaweza kumuacha. Mwaka wa 2009, wenye kuchunga depo ya Debian waliamua kwamba makosa mengine yasipite tena. Tangu hapo, ukipandisha paketi yenye kosa la ile liste, serveri yenyewe inairudisha, mbele mutu hajaigusa.

Lakini hawakufanya mashini kuwa mufalme. Waligawanya makosa mu makundi mawili. La kwanza, mwenye paketi anaweza kulipitisha, lakini anapashwa kuweka mu paketi faili yenye kusema wazi wazi: hapa Lintian inalalamika, na mimi nimeamua kuendelea. Kila mutu ataisoma. La pili halipitishwe na mutu yeyote. Ni namna nzuri ya kuishi na mukaguzi mwenye wakati mwingine anapiga kelele ya bure: haumufunge kinywa mu kificho, unamujibu kwa maandishi.

Pembeni ya Lintian, Lars Wirzenius aliandika piuparts. Lintian inasoma karatasi za muzigo na kuchungulia ndani. Piuparts inafanya kazi yenyewe: inaweka paketi mu mfumo safi, inaipandisha toleo, inaitoa, kisha inaangalia kama kuko takataka zenye zimebakia. Debian 12, yenye ilitoka Juni 2023, ilibeba paketi kupita 64000. Bila mashini za namna ile, hesabu kama hiyo haiwezekane.

MBELE YA KUSUKUMA

Kosa lenye linakamatwa ku mulango wa depo limeshafanya safari. Watu walianza kujiuliza: juu ya nini tusilikamate ku meza ya mwandishi, mbele halijatoka nyumbani?

Aprili 2005, Linus Torvalds alianza kuandika Git. Ndani ya Git kuko mahali pa kuweka skripti zenye kuendeshwa zenyewe. Moja inaendeshwa mbele ya kuandika badiliko mu historia ya kode. Ingine, yenye ilikuja na toleo 1.8.2 mu 2013, inaendeshwa mbele ya kusukuma kode ku depo. Skripti ikisema hapana, kode haiendi. Mama mwenye anapika anajua ile hesabu: jiwe mu muchele linatolewa ku lungo, mbele ya sufuria. Ukilikuta mu sufuria, kazi imeongezeka. Ukilikuta mu meno ya mugeni, haya imeingia nyumbani.

Kwa wenye kununua mega siku kwa siku, kuko faida ya pili. Kosa lenye linakamatwa ku mashini yako halikule mega. Kosa lenye serveri inakurudishia, umelipa kulipeleka, na utalipa tena kupeleka dawa yake.

Lakini ule mukaguzi wa nyumbani anafukuzika. Amri moja ndogo inatosha kumuruka, na mutu mwenye anashusha kode yako hapati zile skripti zenyewe kwa zenyewe. Njo maana depo nayo inapashwa kukagua mara ya pili. Ukaguzi wa nyumbani ni kwa faida ya mwandishi. Ule wa ku depo ni kwa faida ya wengine wote.

Na ile espasi ya Bumblebee? Vidar Holen alianza ShellCheck mu 2012, lint ya skripti za shell. Leo iko na sheria moja kamili ya kuonya kama amri ya kufuta inalenga dosie ya mfumo kama vile /usr. Kosa lenye macho ya watu yaliacha kupita, leo mashini inalionyesha mu sekunde moja.

KITU CHENYE MASHINI HAIONI

Hapa tusijidanganye. Historia hii iko na siku mbili zenye kila mutu mwenye anaandika kode anapashwa kujua.

Ya kwanza ni ya Mei 13, 2008. Miaka miwili mbele, mu 2006, mwenye kuchunga paketi ya OpenSSL ku Debian alikuwa anafuata malalamiko ya programu ya ukaguzi, Valgrind. Ilikuwa inasema musitari fulani unatumia kumbukumbu yenye haijawekwa kitu. Aliutoa, malalamiko yakaisha. Kumbe mu kutoa vile, alikuwa ametoa pia njia ya kuingiza mambo ya bahati nasibu yenye kutengeneza funguo za siri. Karibu kitu peke yake chenye kilibakia kilikuwa namba ya prosesi, na hizo hazipite 32768. Mwizi angeweza kutengeneza funguo zote zenye ziliwezekana na kuzijaribu moja moja. Luciano Bello njo alivumbua. Funguo zenye zilitengenezwa kwa karibu miaka miwili, ku Debian na pia ku Ubuntu, yenye Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha juu ya Debian mu 2004, zilipashwa kutupwa. Munaona: ukaguzi ulisema "kuko shida", mutu akatafuta namna ya kuunyamazisha mbele ya kuelewa mpaka mwisho juu ya nini ulisema.

Ya pili ni ya Ijumaa, Julai 19, 2024. CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa maordinateri, ilituma faili mupya ku mashini za Windows. Ile faili ilikuwa imepita mbele ya mashini ya kukagua, nayo ikasema: sawa. Lakini mukaguzi mwenyewe alikuwa na kosa. Faili ilitegemea vitu 21, programu ilikuwa inaleta 20. Microsoft ilihesabu mashini karibu milioni 8,5 zenye zilianguka. Ndege zilibakia chini, mahospitali yalirudia ku karatasi. Nyuma ya ile siku, kampuni ilisema itatuma mabadiliko yake kidogo kidogo, kwa watu wachache kwanza, mbele ya kuyapeleka kwa wote.

Ya kwanza inafundisha kwamba kunyamazisha onyo si kuponya. Ya pili inafundisha kwamba mukaguzi naye ni programu, na anahitaji mukaguzi wake.

SISI TUTAFANYA NINI?

Kuko watu wenye kusema mambo haya ni ya makampuni makubwa. Lakini Lintian ilianzishwa na watu wa kujitolea, na lint ilianza na mutu mumoja. Hakuna aliyengojea budget. Walichukua kosa lenye lilishafanyika, wakalifanya swali, wakapatia mashini lile swali.

Wewe mwenye unafunga programu ya duka, ya shule ao ya kituo cha afya, fanya vile vile. Siku umetuma paketi bila faili ya maelezo, usiseme tu "kesho nitakumbuka". Hautakumbuka. Andika mistari miwili yenye kuuliza kama ile faili iko, na uiweke mbele ya kusukuma. Siku namba ya toleo mu faili moja haikufanana na ya faili ingine, ongeza mistari miwili tena. Kama mashini inalalamika na hauelewe, uliza mutu mbele ya kuinyamazisha. Na mbele ya kutuma kwa wateja wote, tuma kwa mumoja, mwenye unaweza kufika kwake kwa miguu.

Nyuma ya mwaka mumoja utakuwa na liste yako mwenyewe, yenye kutoka mu makosa ya kweli ya kazi yako. Yule mudogo mwenye atakuja kufanya kazi nyuma yako ataikuta mu depo, na hatapashwa kuvunja mashini ya mutu ili ajifunze yale wewe ulishajifunza.